Tulishiba, Lakini Miguu Ilikataa

Kijiji cha Ujamaa Tupendane,
Posta ya Itigi,
Wilaya ya Manyoni,
16 Machi, 1975.

Mpendwa mdogo wangu Laurian,

Salamu zangu zikukute salama huko Moshi, wewe pamoja na wenzako wote wa kambi ya mbio. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Shemeji yako Anastazia hajambo, na watoto hawajambo ila mdogo alikuwa na kikohozi ambacho sasa kinaelekea kuisha. Je, wewe umelalaje, umeamkaje, na baridi ya mlimani umeizoea? Mama anauliza hilo la baridi kila nikimtembelea.

Mama mwenyewe tulimwona mwezi uliopita tulipokwenda Unyambwa. Goti bado linamsumbua akiinuka, lakini akishasimama anatembea kutuzidi. Blanketi ulilomtumia halitumii, amelikunja sandukuni, anasema ni la wageni. Nimemwambia wageni wenyewe ni sisi, na sisi tunataka ajifunike yeye. Amecheka tu.

Mvua mwaka huu imetuhurumia. Uwele umesimama vizuri, na kunde tumeshaanza kuchuma majani. Ndege ndio adui sasa, na watoto wanashinda shambani kuwafukuza.

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita. Jirani yangu Samweli aliikuta posta alipokwenda Itigi kupeleka asali. Nimeisoma mara nyingi, na nakujibu bila kukawia kwa sababu ya yale maneno machache uliyoyaweka chini kabisa, baada ya salamu, kana kwamba ulitaka yanipite.

Umeandika kwamba mwalimu wenu wa mbio amewafundisha kuhesabu kalori. Kwamba kalori ni kalori, iwe imetoka kwenye sukari au kwenye mchicha, na kwamba mkimbiaji kazi yake ni kufikisha idadi. Wewe kwa bidii yako umekwenda mbele zaidi ya mwalimu. Umeacha mboga na matunda kwa kuwa yanajaza tumbo bila kuongeza idadi, unakula mkate, ugali na chai ya sukari nyingi. Halafu pale chini ukasema miguu imekuwa mizito tangu Krismasi, na ukipiga mswaki fizi zinatoa damu.

Mdogo wangu, kabla hujaendelea kusoma, tafuta chungwa ule. Na kesho asubuhi nenda kwa mganga wa zahanati ukamwonyeshe hizo fizi. Nisubiri hapo, kisha nitakueleza kwa nini nasema hivi.

Kuna jambo lililonipata mwaka jana ambalo sikukuandikia. Mama nilimwomba asikuambie, na naona amelitunza. Lilikuwa jambo la aibu, na wewe tangu utoto umezoea kujisifu kwa wenzako kwamba kaka yako ana miguu. Sasa nakuambia lote.

Unajua kwamba mwaka jana serikali ilitutaka tuhamie pamoja. Sisi tuliokuwa tumetawanyika ng'ambo ya reli tulipewa eneo hili, ambalo wakati huo lilikuwa kichaka kitupu. Wewe umekulia Unyambwa kwenye mashamba ya wazi, huwezi kujua kichaka cha Itigi kilivyo. Miti yake si mirefu, lakini imeshikana hata mbuzi hupita kwa kutafuta njia. Ikaamuliwa wanaume tutangulie, tupige kambi, tufyeke na kung'oa visiki, na familia zibaki kwenye makazi ya zamani mpaka mvua zitakapokaribia. Tulianza mwezi wa sita.

Mwenyekiti wa kambi alikuwa Ndugu Marko. Nataka umjue vizuri, kwa sababu ukimdhania kuwa ni mtu mbaya hutaelewa habari hii. Ule ulikuwa mwaka wa njaa. Vijiji vingine watu walichimba mizizi. Marko alikwenda wilayani kwa baiskeli, akarudishwa, akaenda tena, mpaka tukapewa unga wa njano wa msaada, sukari na mafuta ya kula. Alikuwa amepata semina ya uongozi, na huko alifundishwa hesabu hiyohiyo unayofundishwa wewe. Akatuambia mkutanoni kwamba mtu anayefyeka kutwa anahitaji kiasi fulani cha kalori, na kwamba kopo moja la unga kwa kila mtu, pamoja na sukari na mafuta, linafikisha na kuzidi. Tulipiga makofi. Yeye mwenyewe ndiye aliyepima kila siku, akifuta juu ya kopo kwa kiganja ili asimpunje mtu wala asimpendelee mtu.

Mboga hazikuwepo. Ukame ulikuwa umekausha hata mlenda wa porini. Maharage makavu tuliyala mwanzoni, yakaisha. Hatukulalamika. Mtu aliyeshiba ugali katika mwaka ule angelalamika nini?

Mpishi wetu alikuwa Mzee Mughwai, Mnyaturu mwenzetu kutoka upande wa Ikungi, aliyefiwa na mkewe zamani. Ni mtu wa maneno machache, na meno yake machache zaidi. Panga halimfai tena, kwa hiyo alipewa sufuria. Ugali wake ulikuwa safi, hauna madonge. Alikuwa na kibuyu chake kidogo alichokitundika jikoni, anakunywa humo kila asubuhi kabla hajawasha moto. Hakuna aliyemuuliza ni nini. Mzee na kibuyu chake, nani aulize?

Mimi nilipewa kuongoza kundi la mbele, wale wanaoingia kichakani kwanza. Nilijivunia sana kazi ile. Siku za Jumapili wenzangu waliokuwa na familia karibu walikwenda kuwaona, wakala huko, wakarudi jioni. Mimi sikwenda. Nilisema kiongozi asipobaki, nani atabaki? Kwa hiyo tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa sikula kitu kisichotoka kwenye sufuria ile.

Uchovu ulianza polepole, nikadhani ni homa. Nikaamka asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Halafu miguu ikaanza kuuma ndani, kwenye mifupa, na madoa meusi yakatokea mapajani kama mtu aliyepigwa fimbo. Fizi zikavimba, nikitafuna ugali naona damu kwenye tonge. Nilificha. Nilikula upande mmoja wa mdomo na kufyeka kwa kuegemea mti. Yule kaka yako uliyekuwa ukimfuata mbio mpaka kisimani alikuwa sasa anashindwa kuinua shoka mara mbili bila kupumzika.

Jambo la mwisho ndilo lililonitisha. Unalikumbuka lile kovu langu la mundu, hapa kwenye muundi, nililolipata tukivuna mtama kabla wewe hujaanza shule? Lilifunguka. Sikujikwaa, sikujikata. Kovu la miaka yote ile likawa kidonda kibichi.

Kundi langu likabaki nyuma ya makundi mengine. Jioni moja Marko alituita sote, akasimama mbele, akasema kwa upole wake uleule, bila kupandisha sauti: "Ndugu Antipasi anakula kopo zima kama sisi. Chakula kipo, nguvu haipo. Basi kinachokosekana ni moyo."

Laurian, katika siku zile ungeweza kumwita mtu mwizi akapona. Lakini kuitwa mvivu, mtu wa kula jasho la wenzake, mbele ya watu mtakaoishi nao kijiji kimoja maisha yenu yote! Na ile hesabu ilikuwa ya kweli. Kopo nililila, na nguvu sikuwa nayo. Hata mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama moyo wangu umeoza bila mimi kujua. Wakanirudisha nyumbani nikaupate moyo, halafu nirudi.

Safari ambayo kwa kawaida naimaliza kabla ya jua kuwa kali ilinichukua kutwa nzima. Anastazia alikuwa ameshasikia. Habari mbaya zina miguu mizuri kuliko yangu. Alinipa maji, akaniuliza kama ni kweli nimefukuzwa kazi. Nikasema ni kweli. Niliona machoni kwake kwamba hajui aamini lipi, na hilo liliniuma kuliko mkutano wa Marko.

Alipoleta maji ya kuoga ndipo akakiona kidonda. Akainama, akakitazama sana, akaliangalia na lile doa la pajani. Kisha akasema, "Uvivu haufungui kovu," akaenda jikoni. Tangu hapo hakuniuliza tena.

Sasa sikiliza tulichokula nyumbani, maana hapo ndipo penye jibu lako. Hatukuwa na chakula kingi. Unga ulikuwa wa kuunga siku. Kwa kopo la Marko, nyumbani nilikuwa nakula nusu ya nilichokula kambini, na sukari hakuna kabisa. Lakini kando ya nyumba yetu ya zamani palikuwa na mbuyu, na wanawake katika ukame ule walikuwa wakiutegemea ubuyu wake. Anastazia aliuloweka kwenye maji ya baridi, akauchuja, akaumimina kwenye uji wa uwele ukishapoa. Wakati mwingine paliongezwa maziwa ya mbuzi kidogo. Ule uji mchachu ndio niliokunywa asubuhi na jioni. Kambini tuliuona ubuyu kuwa ni kitu cha watoto kumung'unya.

Wiki haikuisha, damu ikakoma kwenye fizi. Wiki iliyofuata miguu ikaacha kuuma, kidonda kikaanza kukauka pembeni. Nilikuwa nakula nusu, na nguvu zilirudi zote. Nilishangaa, lakini sikuelewa. Nilidhani ni mapumziko, au ni kuwa na wanangu. Nikaanza kukata kuni, majirani wakaniona, habari zikarudi kambini kwamba Antipasi amepona.

Hapo ndipo palipozaliwa balaa.

Jumapili moja Samweli alikuja kwangu akichechemea, naye fizi zimemvimba. Akaniambia ugonjwa wangu umewapata wengi kambini. Karibu nusu ya watu hawawezi kazi, na Marko hasemi tena habari ya moyo. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeniletea habari njema, kwamba wameshajua sababu. Mimi niliugua nilipokula chakula cha Mughwai, nikapona nilipoacha kukila. Na Mughwai mwenyewe, anayekula sufuria hiyohiyo, hana hata doa moja. Tena ana kibuyu anachokunywa kila asubuhi. Hiyo ndiyo kinga yake, wakasema. Anatuwekea sumu, kisha anakunywa dawa ya kujiokoa.

Walikuwa wamemwaga sufuria yake na kumfungia kwenye banda la majembe. Vijana walitaka kumpiga. Marko alikataa asipigwe, maana haamini uchawi, lakini aliamini hujuma, na alikuwa akingoja apate usafiri ampeleke polisi. Wengine walikuwa wametuma mtu kwenda kumwita mpiga ramli.

Kupona kwangu kulikuwa kumemhukumu mzee wa watu asiye na kosa, na hata mimi sikuwa na hakika kama hana kosa. Nakuambia ukweli wangu wote. Ushahidi ulikuwa mzuri. Lakini nilimkumbuka Mughwai alivyonibandulia ukoko wa ugali alipoona nimedhoofika, akauponda kwa maji ya moto ili nisitafune. Mtu anayekuua hakupondei ukoko.

Tuliondoka palepale, mimi na Anastazia. Yeye alifunga ubuyu kwenye kanga akaubeba kichwani. Alisema ni wa uji wangu nikiwa huko.

Kambini tuliwakuta watu wamekaa makundimakundi, wengi miguu wameinyoosha kama wagonjwa wa zahanati. Nilimwamkia Marko, nikamwomba aniache nimwone mzee. Alisita, kisha akafungua. Mughwai alikuwa amekaa juu ya gunia tupu. Nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamuuliza ndani ya kibuyu kuna nini. Hakujibu. Aliyekaa siku mbili bandani kwa ajili ya maneno ya watu hana hamu ya kuongeza maneno.

Nikaomba kibuyu kiletwe. Aliyekileta alikishika kwa jani, mbali na mwili wake. Nilipokifungua nikasikia harufu ya uchachu, na hapo, mdogo wangu, kichwa changu kikafunguka kama mtu aliyetoka kwenye kichaka akaona anga. Nilimpa Anastazia anuse. Akanitazama akasema, "Ni ubuyu tu."

Nilimgeukia mzee, nikamuuliza kwa Kinyaturu tangu lini anakunywa ubuyu. Ndipo akasema kwamba tangu meno yalipoanza kumtoka hawezi vitu vigumu asubuhi, na marehemu mkewe ndiye aliyemzoesha. Akasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba hakumnyima mtu. Hakuna aliyeomba.

Watu walikuwa wamekusanyika mlangoni. Nikawaambia nilichokuwa nakula nyumbani, kwamba kilikuwa kidogo kuliko cha hapa, na kwamba kitu nilichokunywa kila siku nyumbani na hapa hakipo ni kilekile kilichomo ndani ya kibuyu. Mmoja akasema hizo ni hadithi, ile ni kinga ya mchawi. Nikamjibu, "Kama hii ni kinga yake, basi tuinywe wote."

Nikanywa. Anastazia akanywa baada yangu. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kisha nikampelekea Marko. Alikishika kibuyu kwa muda mrefu, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba naye fizi zake zimevimba, alikuwa akizificha kama nilivyozificha mimi. Akanywa mpaka chini.

Ubuyu alioubeba Anastazia kichwani ulilowekwa kwenye pipa jioni ileile. Asubuhi Marko akapanda baiskeli yake, akaendesha mwenyewe mpaka Itigi na miguu yake inayouma, akarudi na Bwana Kefa, mganga wa zahanati. Bwana Kefa aliwapanga watu, akawafungua midomo mmoja mmoja, akawabonyeza miguu. Akasema huu unaitwa kiseyeye. Unawapata watu waliokaa muda mrefu bila kitu kibichi, bila mboga wala matunda, hata wakishiba namna gani. Akatuambia kuna vitu ndani ya chakula ambavyo havina kalori hata moja, na mwili ukivikosa, nyama haishikani na nyama, wala kovu halishikani na kovu.

Marko alimuuliza kama hesabu yake ilikuwa na makosa. Aliuliza kama mtoto wa shule anayeogopa jibu. Bwana Kefa akamwambia, "Hesabu yako ni sahihi, Ndugu Marko. Ila ulihesabu kitu kimoja tu."

Siku zilizofuata wanawake walileta ubuyu kutoka makazi ya zamani, na mtu aliyetoka Itigi akaleta malimau. Kabla mwezi haujaisha kambi nzima ilikuwa kazini, na mwezi wa kumi na moja familia zilihamia. Nyumba ninayokuandikia humu imesimama pale nilipokuwa naegemea mti.

Nimelifikiria sana jambo hili, Laurian, hasa nikiwa shambani. Sisemi hesabu ni upumbavu. Bila hesabu ya Marko tungekufa njaa mapema kabla ya kiseyeye kutufikia, na mtu aliyeonja njaa hawezi kudharau kopo la unga. Mkimbiaji lazima ashibe. Lakini nimeona kwamba mtu akishapata idadi anaacha kutazama. Marko alikuwa na idadi, akaacha kuutazama mguu wangu. Wenzangu walikuwa na ushahidi, wakaacha kumtazama mzee. Mimi nilikuwa na sifa ya kubaki kambini, nikaacha kuutazama mwili wangu mwenyewe. Wewe sasa una chati ya kalori, na fizi zinatoa damu, na unaandika habari hiyo pale chini kabisa ya barua.

Uko Moshi, mahali ambapo watu hukanyaga mboga njiani. Kula mchicha, kula nyanya, kula mapapai na machungwa, hata kama chati inasema hayana kitu. Kama mwalimu wako ni mtu wa kusikia, mweleze kwa heshima, usimbishie mbele ya wenzako. Nadhani atasikia. Marko alisikia.

Nimalizie kwa habari ya Mzee Mughwai, kwa kuwa najua utaniuliza.

Tulipohamia, Marko aliitisha mkutano. Alisema mbele ya wote kwamba alinikosea, kwamba jina langu ni safi, akanishika mkono. Kuhusu Mughwai alisema yaliyopita yamepita na sasa sote ni ndugu. Watu wakapiga makofi. Lakini Mughwai hakuwepo. Alikuwa amejenga kibanda chake mwisho kabisa wa kijiji, na alipoombwa apike kwenye sherehe ya kuhamia alisema mikono inamuuma.

Ninakwenda kumtazama mara kwa mara. Jumapili iliyopita, baada ya kupata barua yako, nilikwenda kumwambia habari zako, kwamba mdogo wangu mkimbiaji naye fizi zinamtoka damu. Alisikitika kweli. Akaniambia nikuandikie upesi. Kisha akanipikia ugali, na mboga ya majani ya kunde iliyochumwa asubuhi ileile.

Alipoweka sahani mbele yangu hakuniachia. Alimega tonge, akalichovya kwenye mboga yangu, akalitafuna polepole kwa meno yake yale machache, akameza, akangoja kidogo huku ameniangalia. Ndipo akanisogezea sahani. Nikamwambia, mzee wangu, huna haja ya kunifanyia mimi hivyo. Akasema anajua. Akasema anamfanyia hivyo kila anayeingia, hata watoto wanaokuja kuomba maji, na kwamba mkono wake unakwenda wenyewe.

Nilikula sahani yote. Sikujua namna nyingine ya kumjibu.

Msalimie sana mjomba Philipo na mke wake ukipata nafasi ya kufika kwao, waambie Antipasi hajawasahau. Dada Kristina anakusalimu, na anauliza lini utakuja likizo. Mama anakuombea kila jioni, nami namfuatisha kwa sauti yangu mbaya. Mungu akupe miguu myepesi, na akupe macho ya kuitazama.

Nijibu haraka, na safari hii habari ya fizi iandike juu kabisa.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda siku zote,

Antipasi Alute.